Tepu Badala ya Mizani: Kukadiria Ukubwa na Umbo la Matunda kati ya Kimaka na Mbale

Biashara ya matunda mashariki mwa Uganda kwa sehemu kubwa hufanyika bila mizani. Mkungu wa matoke kutoka miteremko ya mlima Elgon huuzwa kama mkungu: mnunuzi huutazama, huuweka katika kundi la midogo, ya kati au mikubwa, na bei hufuata kundi hilo. Mafenesi ya Busoga yanayopangwa kando ya barabara, kuanzia Jinja na viunga vyake kama Kimaka hadi Iganga na kuendelea, hupewa bei kwa jicho. Maembe ya upande wa Kumi huenda kwa beseni na gunia. Kununua mizani si tatizo kubwa; kazi ni kuufikisha kila mkungu juu yake, kwenye mteremko wenye matope, huku lori likisubiri. Na kwa afisa ugani au mtafiti anayetaka kujua uzito wa tunda lingali mtini, mizani haisaidii kabisa, kwa sababu kulipima ni kulivuna.

Hapo ndipo modeli ya kihisabati inapohitajika. Kazi yake ni kugeuza vipimo rahisi, yaani urefu, mzingo na idadi, kuwa ujazo na hatimaye uzito. Maandishi mengi kuhusu suala hili hutumia nguvu kubwa kutafuta umbo la kijiometri linalofanana zaidi na tunda. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nguvu hizo, zikivuka hatua fulani, hupotea bure. Umbo likishakaribia ukweli, makosa makubwa yanayobaki hutoka kwingine, hasa katika kuchukua kigezo kilichokokotolewa kwa aina moja ya tunda, au kwa mwinuko mmoja wa ardhi, na kukitumia mahali ambapo aina na mwinuko ni vingine.

Jiometri yenyewe ni ya zamani na si ngumu. Archimedes alithibitisha kwamba ujazo wa tufe ni theluthi mbili ya ujazo wa mcheduara unaolizunguka bila kuacha nafasi. Uwiano huo haubadiliki hata tufe likivutwa likawa refu, kwa kuwa kuvuta huko hurefusha tufe na mcheduara wake kwa kiasi kilekile. Kwa hiyo ujazo wa tunda lenye umbo la namna hiyo huandikwa V = k × A × L, ambapo A ni eneo la mkato pale tunda lilipo nene zaidi, L ni urefu wake, na k ni namba moja inayobeba habari zote za umbo. Mcheduara una k ya 1, tufe lililovutwa lina 0.667, na pia mbili zilizounganishwa vitako zina 0.333. Matunda mengi huangukia kati ya tufe na mcheduara; yale yenye shingo, kama baadhi ya maparachichi, hushuka chini ya theluthi mbili.

Mwaka 1615 Johannes Kepler alichapisha kitabu kizima kuhusu ujazo wa mapipa ya mvinyo. Kilichomsukuma ni kumwona mfanyabiashara mjini Linz akipima pipa kwa kutumbukiza ufito mmoja kwenye tundu lake na kutaja bei papo hapo. Kepler alitilia shaka kwamba urefu mmoja ungeweza kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba kwa mapipa ya Austria ulitosha kweli, kwa kuwa mafundi wa huko walifuata uwiano ambao, ukipotoka kidogo, ujazo haubadiliki sana. Mapipa ya nchi nyingine, yenye uwiano mwingine, yangepimwa vibaya kwa ufito uleule. Kanuni iliyobaki na jina lake inasema ujazo ni sehemu moja ya sita ya urefu, mara jumla ya maeneo ya ncha mbili na eneo la katikati lililozidishwa kwa nne. Tunda ambalo ncha zake hazina eneo hurudisha theluthi mbili ileile ya Archimedes. Ila somo kubwa zaidi la kitabu hicho kwa mpimaji wa matunda liko kwenye ufito: kipimo kimoja hufanya kazi pale tu ambapo vitu vinavyopimwa vimefuata uwiano mmoja.

Fenesi linafaa kuwa mfano wa kwanza, kwa vile ni kubwa kuliko matunda yote ya mtini na halitaki chombo cha maabara. Tepu ya fundi cherehani inatosha. Mzingo wa katikati ukiitwa C, eneo la mkato ni C² iliyogawanywa kwa 4π, na ujazo wa fenesi linalochukuliwa kuwa tufe refu ni C² × L ÷ 6π. Kwa maneno ya shambani, mzingo mara mzingo mara urefu, gawanya kwa 18.85. Fenesi lenye mzingo wa sentimita 80 na urefu wa sentimita 45 lina ujazo wa sentimita za ujazo 15,280 hivi, yaani lita 15 na robo. Uzito wake katika kilo hautokani na jiometri. Unahitaji mafenesi kadhaa yapimwe kwa mizani mara moja, kila uzito ugawanywe kwa ujazo wa tepu, na wastani wa majibu ndio unaotumika baadaye. Namba hiyo haiwi msongamano halisi wa tunda. Ndani yake umo pia unene wa miiba, ambayo tepu hupita juu ya ncha zake, na umo ukweli kwamba hakuna fenesi lililo tufe kamili. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo hatari yake, kwa sababu anayeichukua akadhani ni msongamano mtupu ataitumia vibaya kwa mpimaji anayebana tepu kati ya miiba.

Katika mlinganyo huo mzingo umepigwa kipeo cha pili, urefu haujapigwa. Kosa la asilimia moja kwenye mzingo huzaa kosa la asilimia mbili kwenye ujazo. Kosa la asilimia moja kwenye urefu hubaki asilimia moja. Tepu iliyolegea sentimita 2 kwenye fenesi la mfano huongeza ujazo kwa asilimia 5. Aidha, fenesi ambalo upande mmoja haukuchavushwa vizuri hujikunja na kuwa na mabonde, na kwa tunda la namna hiyo mzingo wa mahali pamoja haufai. Itachukuliwa mitatu, mmoja kila robo ya urefu, kisha kanuni ya Kepler itumike kwa vipande.

Jicho la binadamu lina udhaifu wake unaoelezeka kwa hesabu hiyohiyo. Jicho husoma upana, lakini kinacholiwa na kulipiwa ni ujazo, ambao hukua kwa kipeo cha tatu cha upana. Maparachichi ya kusafirisha nje, kama ya aina ya Hass yanayolimwa sasa Mayuge na kwingineko Uganda, hupangwa kwa idadi inayojaza katoni ya kilo 4: namba 12 maana yake ni matunda 12 makubwa, namba 24 ni matunda 24 madogo. Tunda la namba 12 lina uzito wa maradufu ya lile la namba 24, gramu 333 dhidi ya gramu 167 kwa wastani. Hata hivyo, kama umbo ni lile lile, upana wake unazidi kwa asilimia 26 tu. Mtu akiyatazama mezani ataona tofauti ya robo. Ndiyo maana mikungu au mafenesi makubwa mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko uzito wake, na madogo kwa bei kubwa kuliko uzito wake, bila mtu yeyote kukusudia hila.

Embe huongeza ugumu kidogo kwa sababu limebanwa ubavuni: lina urefu, upana na unene, na vyote vitatu hutofautiana. Nuri Mohsenin, ambaye kitabu chake cha 1970 kuhusu sifa za kimaumbile za mazao kilikuwa msingi wa wahandisi wengi wa kilimo, alieneza matumizi ya kipenyo cha wastani wa kijiometri, yaani kipeuo cha tatu cha urefu mara upana mara unene. Kipenyo hicho kikigawanywa kwa urefu hutoa kiwango cha utufe: 1 kwa chungwa la mviringo kabisa, na chini ya hapo kadiri tunda linavyorefuka au kubapa. Ujazo ni urefu × upana × unene × 0.524. Kwa embe, kiwango cha utufe ni habari muhimu kwa watengenezaji wa mashine za kupanga na kumenya, kama zile za kiwanda cha matunda cha Soroti kilichozinduliwa 2019. Kwa mkulima kuna kipimo chepesi zaidi kinachotokana na Archimedes huyohuyo: embe hutumbukizwa ndani ya ndoo ya maji. Lililokomaa huelekea kuzama kwa kuwa wanga umeongeza msongamano wake, na changa huelekea kuelea. Mpaka kati ya mawili hayo hutofautiana kwa aina ya embe, kwa hiyo ndoo nayo inahitaji kusawazishwa kwa kila aina.

Ndizi ndiyo inayostahili kukaliwa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu umbo lake limepinda na kwa sababu matoke ndiyo chakula cha eneo hili. Ndizi moja ya matoke ni mcheduara uliokunjwa, wenye ncha zilizopungua. Wapimaji wengi hupitisha tepu kwenye mgongo wa nje, kwa kuwa ndiko tepu inakolala vizuri, kisha huzidisha urefu huo kwa eneo la mkato. Matokeo huwa makubwa mno. Nadharia ya Pappus wa Alexandria, iliyogunduliwa tena na Paul Guldin katika karne ya 17, inasema ujazo wa kitu kilichokunjwa ni eneo la mkato mara njia inayopitwa na kitovu cha mkato huo. Kitovu cha ndizi hupita katikati, kati ya mgongo mrefu na tumbo fupi.

Chukua ndizi yenye urefu wa nje wa sentimita 20 na mzingo wa sentimita 14, iliyopinda kwa nyuzi 60. Eneo la mkato ni sentimita za mraba 15.6. Kwa urefu wa nje, ujazo wa mcheduara ni sentimita za ujazo 312. Lakini njia ya kitovu ina sentimita 17.7 tu, na ujazo sahihi wa mcheduara uliokunjwa ni 276. Tofauti ni asilimia 13, na haipungui kwa kupima ndizi nyingi, kwani kila ndizi imepinda kuelekea upande uleule. Dawa haihitaji pembe ya mkunjo: tepu ipite mgongoni, kisha tumboni, na urefu utakaotumika ni wastani wa mawili hayo. Baada ya hapo huja punguzo la ncha, ambalo ni k ile iliyotajwa, na ambayo kwa ndizi hupatikana kwa kuzamisha ndizi chache majini na kupima maji yanayopanda.

Mkato nao si duara. Ndizi changa ina pembe zinazoonekana waziwazi, na kwa mzingo ule ule, umbo lenye pembe hubeba eneo dogo kuliko duara. Pembetano sawa hubeba asilimia 86.5 tu ya eneo la duara lenye mzingo sawa nayo. Ndizi halisi iko kati ya maumbo hayo mawili: huanza karibu na pembetano, na kadiri inavyojaa pembe hufutika. Hapa kasoro ya modeli yenyewe inageuka kuwa kipimo. Mkulima wa Bugisu, yaani upande wa Mbale na miteremko ya Elgon, anayeangalia kama pembe za ndizi zimezama kabla ya kukata mkungu anasoma, kwa jicho, uwiano kati ya eneo la mkato na mraba wa mzingo, na katika hilo jicho ni hodari kuliko linapokadiria uzito.

Kutoka ndizi moja hadi mkungu mzima, jiometri safi huishiwa nguvu. Mkungu una chane kadhaa, za juu zina ndizi kubwa na za chini ndogo, na katikati kuna bua ambalo uzito wake si chakula. Njia inayofaa ni ya kitakwimu: vipimo vichache vinavyochukuliwa bila kukata mkungu huhusishwa na uzito uliopimwa kwa mizani katika mikungu mingi ya mfano. Utafiti unaojulikana zaidi kuhusu ndizi za nyanda za juu za Afrika Mashariki ulifanyika Uganda na kuchapishwa 2009 na Lydia Wairegi, Piet van Asten na wenzao. Walitumia mzingo wa shina la mgomba kwenye kitako na kwenye urefu wa mita moja, pamoja na idadi ya chane na idadi ya ndizi kwenye mstari wa chane moja ya upande wa chini. Si kipimo hata kimoja kati ya hivyo kinachogusa urefu wa ndizi. Kwa mara ya kwanza kusikia, jambo hilo linashangaza. Lakini shina la mgomba ni ghala la maji na virutubisho vinavyojaza mkungu, na mizingo miwili kwa pamoja huonyesha unene wake na jinsi unavyopungua kwenda juu. Kipimo kinachoonekana kuwa mbali na tunda kinaweza kuwa bora kuliko kile cha tunda lenyewe, mradi kiwe rahisi kuchukuliwa na watu tofauti kwa jibu lilelile.

Milinganyo ya namna hii kwa kawaida huandikwa kwa logarithi, ili uzito uwe zao la vipimo vilivyopigwa vipeo. Jiometri hutabiri kwamba kipeo cha mzingo wa ndizi kitakuwa 2 na cha urefu kitakuwa 1. Takwimu za shambani zikitoa 1.7 badala ya 2, si lazima jiometri iwe imekosea. Makosa ya tepu pekee huvuta kipeo chini, na umbo nalo huweza kubadilika tunda linapokua. Kuna mtego mwingine unaosahauliwa sana: utabiri uliofanywa kwa logarithi, ukirudishwa kwenye kilo, huwa chini ya wastani halisi. Baskerville, aliyekuwa akishughulika na uzito wa miti, alionyesha 1972 namna ya kuurekebisha, yaani kuzidisha kwa e iliyopigwa kipeo cha nusu ya mraba wa mkengeuko sanifu. Mkengeuko ukiwa 0.2, rekebisho ni asilimia 2 tu; ukiwa 0.3 hukaribia asilimia 5, na asilimia 5 ya lori la matoke ni mikungu inayohesabika.

Swali zito ni lile la aina. Deborah Karamura aliyapanga matoke ya Uganda katika makundi matano: Mbidde, Musakala, Nakabululu, Nakitembe na Nfuuka. Musakala lina ndizi ndefu na mkungu uliolegea unaoning'inia. Nakabululu lina ndizi fupi zilizobanana katika mkungu mdogo. Ndizi 14 za chane ya Musakala na ndizi 14 za chane ya Nakabululu ni namba moja kwenye daftari na ni mizigo miwili tofauti begani. Kigezo kilichokokotolewa kwa mchanganyiko wa makundi yote kitawapunja wenye Musakala na kuwapendelea wenye Nakabululu, kwa mfululizo, msimu baada ya msimu. Tangu chotara kama M9, iliyotolewa na shirika la utafiti wa kilimo la NARO mwaka 2010, zilipoanza kupandwa, kuna umbo lingine tena ambalo milinganyo ya zamani haikuliona. Hakuna mlinganyo wa umbo, hata uwe na vigezo ishirini, unaoweza kufidia kukosekana kwa safu moja kwenye daftari: jina la aina.

Mwinuko huingia kupitia muda. Ganry na Meyer walionyesha 1975 kwamba mkungu wa ndizi za kundi la Cavendish hufikia kuvunwa baada ya kukusanya, tangu kuchanua, nyuzi joto 900 zinazohesabiwa kila siku juu ya nyuzi 14 za Selsiasi. Matoke si Cavendish, na 900 haipaswi kuhamishwa kwayo bila kupimwa. Muundo wa hesabu ndio unaofaa. Mbale iko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Joto la wastani likiwa nyuzi 23, kila siku huchangia nyuzi 9, na 900 hutimia kwa siku 100. Panda mita 700 zaidi mlimani, ambapo joto hushuka kwa takribani nyuzi 4, na kila siku huchangia nyuzi 5 tu: siku 180. Mikungu miwili iliyochanua wiki moja, mmoja mjini na mwingine juu mlimani, ukubwa wake hauwezi kulinganishwa kwa tarehe. Mchoro wa ukuaji unaopanda polepole, kisha kwa kasi, kisha kutulia, kama ule wa Gompertz wa 1825 au wa Verhulst wa 1838, hutoshea vizuri zaidi pale mhimili wa muda unapokuwa wa nyuzi zilizokusanywa kuliko wa siku za kalenda.

Kahawa ya Elgon, ambayo chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kimekuwa kikiikusanya mjini Mbale tangu 1954, ni kielelezo cha ukubwa unaoamuliwa mapema. M. G. R. Cannell, kwa utafiti uliofanyika Ruiru nchini Kenya, alieleza miaka ya 1970 kwamba punje haiwezi kuzidi chumba kilichotengenezwa ndani ya tunda, na chumba hicho hupanuka katika kipindi kifupi, kati ya wiki ya 6 na ya 16 hivi baada ya maua. Maji yakikosekana wakati huo, mvua ya baadaye hujaza chumba kidogo vizuri lakini hakiongezeki. Mlinganyo wowote wa kutabiri ukubwa wa punje za Bugisu usiojua mvua ya wiki hizo ni wa kubahatisha. Kwenye kiwanda cha kukoboa, punje hupimwa kwa chekecheke zenye matundu ya namba za sehemu ya 64 ya inchi: tundu la namba 18 lina milimita 7.1. Tundu la mviringo hupima upana wa punje peke yake. Urefu na unene havisemwi chochote. Punje nene fupi na punje nyembamba ndefu hupita pamoja.

Ukubwa wa tunda moja ukijulikana, bado kuna idadi. Kwa mwembe mkubwa wa Teso, kuhesabu maembe yote ni kazi ya siku nzima. Raymond Jessen alipendekeza 1955 njia ya kufuata tawi kwa bahati nasibu: kila mti unapogawanyika, tawi moja huchaguliwa kwa uwezekano unaolingana na unene wake, hadi kufikia kitawi kidogo. Tuseme tawi la kwanza lilichaguliwa kwa uwezekano wa 0.5 na la pili kwa 0.25, na kwenye kitawi kuna maembe 18. Uwezekano wa kukifikia ni 0.125, na makadirio ya mti mzima ni 18 ÷ 0.125, maembe 144. Jibu la safari moja linaweza kuwa mbali sana na ukweli, ila wastani wa safari nyingi hauna upendeleo, hata kama unene wa tawi hautabiri vizuri idadi ya matunda. Sifa hiyo ni adimu, na ndiyo sababu njia hiyo inastahili kutumika zaidi ya inavyotumika.

Picha za simu zimeleta matumaini mapya, na sehemu ya matumaini hayo imezidi kipimo. Picha hutoa eneo la kivuli cha tunda. Kwa tufe, ujazo ni 0.752 mara eneo hilo lililopigwa kipeo cha 1.5, kwa umbo lingine namba hubadilika, na kwa embe hubadilika pia kulingana na ubavu uliogeukia kamera. Sarafu au rula iliyowekwa kando ya tunda hutoa skeli, lakini ni lazima iwe umbali sawa na kitovu cha tunda. Ikiwekwa mezani chini ya fenesi linalopigwa kutoka juu, tunda liko karibu zaidi na kamera kuliko sarafu na huonekana kubwa kuliko lilivyo. Majani yanayoziba na ndizi zinazofichana kwenye chane ni matatizo ambayo programu huyakisia. Haiyaoni. Kwa mkungu uliopo shambani, tepu ya fundi cherehani bado inaishinda simu.

Kinachobaki ni namna makosa yanavyojumlika. Makadirio ya mkungu mmoja yakiwa na kosa la bahati la asilimia 20, lori lenye mikungu 100 litakuwa na kosa la asilimia 2 tu kwa jumla, kwa sababu yaliyozidi hufidia yaliyopungua. Upendeleo wa asilimia 8 uliotokana na kigezo cha aina nyingine, au na urefu wa nje wa ndizi, hubaki asilimia 8 kwenye mkungu wa kwanza na kwenye mkungu wa mia. Kwa hiyo mnunuzi mwenye lori hahitaji mlinganyo sahihi zaidi, wastani humlinda. Mkulima anayeuza mikungu mitatu kwa siku hubeba kosa la asilimia 11 au 12 kila anapouza. Kwa mwaka mzima kosa la bahati litapungua kwake pia, lakini jicho la anayenunua lina sababu ya kuegemea upande wa kupunguza, na huko hakuna wastani unaosaidia.

Kwa hali hiyo, jedwali la kukadiria uzito linalotolewa kwa wakulima wa Bugisu au Busoga linapaswa kubeba, pamoja na namba zake, kundi la ndizi lililotumika, mwinuko wa mashamba, mkungu mdogo na mkubwa kabisa uliopimwa, kama bua limehesabiwa au la, na ukubwa wa kosa la mkungu mmoja. Mikungu kama 20 au 30 ya kila kundi ikipimwa tena kwa mizani kila msimu, inatosha kuonyesha kama kigezo kimehama na kwa upande gani.